Kupiga picha ya mtu ikatoka safi: fremu, umbali na ile nyuma yenye ukungu

Niliwahi kupiga picha za ruracio fulani, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, hapa Kasarani, Nairobi. Wazee wa pande zote mbili wamekaa kwa viti mstari wa mbele, akina mama wamesimama nyuma yao, na mimi niko na lenzi ya 50mm nimeinunua wiki hiyo hiyo nimeifungua hadi f/1.8 (hizi namba naeleza Hatua ya 1) manake niliambiwa hapo ndo utamu uko. Kwa ile skrini ndogo ya kamera kila kitu kilikuwa poa. Kufika nyumbani nikafungua laptopu nikaona wazee wako wembe kabisa, hadi nyuzi za kofia unahesabu, alafu akina mama wote ni kama wamepigwa wakiwa ndani ya moshi. Mama ya bibi harusi hakuwa na hata picha moja ya familia yenye uso wake unaonekana vizuri. Ile simu alinipigia siwezi sahau.

Sasa haya yote naandika ni vitu ningetaka mtu anieleze kabla ya siku hiyo. Na kama utachukua kitu kimoja tu, chukua hiki: hiyo nyuma yenye ukungu kila mtu anatafuta haitoki kwa lenzi ya pesa nyingi, inatoka kwa umbali. Miguu yako kwanza, namba baadaye.

Hatua ya 1: elewa kina cha fokasi, ama utakuwa unabahatisha tu

Kamera ikifokasi, inafokasi umbali mmoja. Kama ni mita 2 basi ni mita 2. Ila mbele kidogo na nyuma kidogo ya hapo kuna sehemu jicho bado linaona iko safi, na hiyo sehemu yote, kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, ndo kina cha fokasi. Mimi huiona kama slesi ya mkate imesimama wima mbele ya kamera. Inaweza kuwa nyembamba ama nono, na chochote kimeingia ndani ya slesi kinaonekana, chenye kimebaki nje kinayeyuka.

Unene wa slesi unaamuliwa na tundu la lenzi (penye mwangaza unapitia), umbali kati yako na mtu, urefu wa lenzi (zile mm zake, kama 50mm) na saizi ya sensa, ile sehemu ndani ya kamera inashika picha. Tundu ndo huchanganya watu juu namba zake zinaenda kinyume, f/1.8 ni tundu kubwa na f/11 ni tundu dogo. Sababu ni kwamba hiyo namba ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya 50mm kwa f/2 iko na tundu la milimita 25, ukienda f/10 limebaki milimita 5. Tundu likiwa kubwa slesi inakuwa nyembamba.

Umbali nao una nguvu kuliko venye watu hufikiria. Ukiongeza umbali mara mbili, slesi inanenepa karibu mara nne. Chukua kamera ya kawaida yenye sensa ya APS-C, hizi wengi wetu tunaanza nazo, weka lenzi ya 50mm kwa f/1.8. Ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu, slesi ni kama sentimita 3 tu. Mita 2 inafika karibu 11. Mita 4 ni kama 45, na hizo 45 nusu iko mbele ya penye umefokasi na nusu iko nyuma. Rudi kwa ile ruracio yangu: nilikuwa mita 4 hivi, nimefokasi wazee, na akina mama wamesimama zaidi ya nusu mita nyuma ya viti. Hesabu zilikuwa zimenikataa hata kabla nibonyeze.

Alafu kuna umbali wa pili, ule wa kutoka kwa mtu hadi kwa kitu kiko nyuma yake. Huu haubadilishi unene wa slesi, unabadilisha vile hiyo nyuma iko mbali na slesi, na kadri iko mbali ndo inazidi kuyeyuka. Hapa ndo watu hupoteza pesa. Mtu ananunua lenzi ya bei kali alafu anamsimamisha mteja ameegemea ukuta, anashangaa mbona rangi ya ukuta inaonekana hadi ile imebambuka. Mtoe kwa ukuta bana! Msongeze mbele hatua sita, saba, utaona mwenyewe.

Hatua ya 2: jaribio la chupa tano

Usiniamini kwa maneno. Chukua chupa tano za soda, zipange mezani kwa mstari unaoenda mbali na wewe, ziachane kama sentimita 10, zipishe kidogo pembeni ndo zote zionekane. Weka ile lenzi ilikuja na kamera, ya 18-55, izungushe hadi 55, namba itakuwa f/5.6. Kaa mita 1 kutoka kwa chupa ya katikati, ufokasi kwa maandishi yake na upige. Ya katikati itasomeka na hizo zingine zitaanza kulewa, slesi hapo ni kama sentimita 7. Sasa rudi hadi mita 2 bila kugusa setingi yoyote, fokasi tena ile ile. Slesi imefika karibu 30 na chupa tatu zinasomeka. Mwisho rudi tena mita 1 lakini uweke f/11 (vile ya kuiweka iko Hatua ya 3), utapata kama 14. Ziweke hizo picha tatu pamoja uziangalie pole pole. Umeona? Kurudi nyuma hatua moja kubwa kumefanya kazi kuliko kufunga tundu kutoka 5.6 hadi 11.

Dakika kumi hivi, na umejua kitu watu wengine wamebeba kamera miaka miwili hawajajua.

Hatua ya 3: setingi, haraka haraka

Weka modi yenye wewe unachagua tundu na kamera inachagua zingine, kwa Canon ni Av, kwa Nikon na Sony ni A. Angalia spidi, yaani muda kamera inafunguka kushika picha, isishuke chini ya 1/200 ya sekunde juu mtu hupumua, hucheka, huyumba. Ikishuka panda ISO, ile namba ya vile kamera inahisi mwangaza, bila kuogopa, chenga kidogo (vile vidoti kwa picha) si kitu, picha imetikisika haitengenezeki. Kama kamera yako inatoa RAW, yaani faili ghafi ya kuhariri baadaye, weka RAW.

Kitu kimoja cha kukumbuka: jua kali la Nairobi na f/1.8 haviivani. Kwa jua la wazi ukiwa ISO 100 utahitaji spidi ya kama 1/8000, na kamera nyingi za bei ya chini zinaishia 1/4000, kwa hivyo picha inatoka imeungua nyeupe na unaanza kulaumu lenzi. Ingia kivulini ama panda hadi f/2.8 ama f/4.

Hatua ya 4: tafuta mwangaza kabla utafute mahali

Sisi tuko karibu sana na ikweta, jua la saa sita linakaa juu ya utosi, na kwa mwezi wa tatu na wa tisa ndo kabisa. Linatupa kivuli kwa macho, mtu anatoka kama amevaa miwani nyeusi. Ukilazimika kupiga saa hiyo ingia chini ya baraza ya duka, mlangoni, chini ya mti mkubwa, na mgeuze mtu uso uangalie penye mwangaza unatoka. Ule mwangaza laini unaingia kutoka nje ni bora kuliko taa nyingi za kununua.

Jioni jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na huzama likienda chini moja kwa moja, halikawii vile huwa Ulaya. Ile saa ya dhahabu wanaimba kwa video za YouTube, mwangaza laini kabla jua lizame, kwetu ni fupi. Mimi mteja namwambia saa kumi, nikijua atafika saa kumi na moja juu ya jam. Miezi ya baridi, wa sita hadi wa nane, wingu limefunika siku nzima na watu hulalamika eti hakuna jua, mimi hapo ndo nafurahi, wingu ni kama shuka jeupe limetandazwa juu ya mji mzima na unaweza piga saa yoyote.

Ngozi nyeusi inataka uangalie kitu moja zaidi. Kamera inajaribu kufanya kila kitu kiwe kijivu cha katikati, kwa hivyo ukimsimamisha mtu mbele ya mbingu nyeupe, kamera inaona mbingu na kuufanya uso uwe giza. Bonyeza ile alama ya +/- ya kuongeza ama kupunguza mwangaza wa picha, upeleke +1 hivi. Na kama uso wenyewe umejaa fremu na ni mweusi tititi, kamera inaweza kufanya kinyume, ikaupausha ukawa kama wa jivu, hapo shusha kidogo. Usimpaushe mtu ukidhani unampendezesha.

Kuhusu mahali: Arboretum na msitu wa Karura, zote hapa Nairobi, ziko na miti mirefu na njia ndefu, yaani nyuma ya mtu kuna mita hamsini za majani ya kuyeyusha. Jacaranda zikichanua, mwezi wa kumi hivi, zambarau inakuwa juu na chini. Ukiwa tao, Kenyatta Avenue ni pana na taa za magari jioni zinageuka duara tamu za rangi. Uliza mlangoni kuhusu ada ya kamera kabla utoe lenzi, na usielekeze kamera kwa Ikulu, kambi ya jeshi ama kituo cha polisi, hiyo haina mjadala.

Hatua ya 5: fremu yenyewe

Hapa ndo penye nakaa sana, juu kina cha fokasi kikiwa sawa na fremu ikiwa mbovu, bado picha ni mbovu.

Anza na umbali wa sura. Ukimkaribia mtu sana na lenzi pana, sema 18mm, pua inakuja mbele na masikio yanakimbia nyuma. Si lenzi inafanya hivyo, ni ukaribu wako. Simama mita moja na nusu ama mbili alafu uzumu, sura itakaa vile mama yake anaijua. Na kuna faida ya pili: ukirudi nyuma na kuzumu hadi uso ubaki saizi ile ile, kipande cha nyuma kinachoingia kwa picha kinakuwa kidogo na ukungu wake unaonekana mkubwa zaidi. Ndo maana 18-55 yako ya kawaida kwa 55, mtu akiwa mbali na ukuta, inaweza kutoa kitu kizuri sana bila kununua chochote.

Alafu macho. Yaweke kwa theluthi ya juu ya fremu, si katikati. Ukiweka macho katikati unabaki na mbingu kubwa bure juu ya kichwa na mtu anaonekana kama anazama. Kama anaangalia pembeni, muachie nafasi ile upande anaangalia, la sivyo anagonga ukingo wa picha na pua. Urefu wa kamera uwe kwa macho yake, mtoto unachuchumaa hadi goti liguse chini. Ukimpiga mtoto ukiwa umesimama utapata kichwa kikubwa na viatu.

Kukata. Usikate kwa viungo: shingo, kiwiko, kifundo cha mkono, goti, kifundo cha mguu. Ukikata hapo mtu anaonekana kama amekatwa kweli. Kata katikati ya paja, katikati ya kifua, katikati ya mkono wa juu. Ukitaka uso tu ni sawa kukata kidogo juu ya kichwa, lakini kama ameenda saluni akasukwa masaa sita, wewe nani ukate nywele?

Kitu watu husahau kabisa ni kuangalia nyuma ya kichwa. Nairobi imejaa milingoti, nyaya, mabango, na sasa nguzo za Expressway, ile barabara ya juu. Niko na picha ya jamaa wa gradi, kajoho safi, tabasamu safi, na KICC, lile jengo refu la mikutano, imetoka katikati ya kofia yake kama pembe. Ukungu hauponyi hiyo, mstari mweusi unabaki mstari mweusi hata ukiyeyuka. Songa wewe hatua moja kushoto ama kulia, ndo hivyo tu. Angalia pia mistari ya kulala, ukingo wa ukuta ama reli ukipita nyuma ya shingo unamkata mtu, inama kidogo ama panda kidogo hadi mstari uende kwa bega ama juu ya kichwa.

Na usisahau mbele. Kina cha fokasi kinayeyusha pande zote mbili, kwa hivyo ukipiga ukipitisha lenzi katikati ya majani, ama kando ya mlango wa matatu, ama kwa pengo la maleso yameanikwa, unapata fremu ndani ya fremu na ile rangi ya mbele inakuwa kama pazia. Jani liwe karibu kabisa na lenzi, likikaa karibu na mtu linakuwa jani tu limeziba uso.

Hatua ya 6: fokasi iende kwa jicho

Kamera mpya ziko na fokasi ya jicho, iwashe na uendelee na maisha. Ya zamani usiiachie ichague yenyewe juu itachagua kitu kiko karibu, mara nyingi ni pua ama bega. Chagua pointi moja ya fokasi, ile alama ndogo kwa skrini, isogeze iangukie jicho lililo karibu na wewe, piga. Ile mchezo ya kufokasi na pointi ya katikati alafu unazungusha kamera kupanga fremu ni sawa kwa f/5.6, lakini kwa f/1.8 ukiwa karibu, ule mzunguko mdogo unahamisha slesi na jicho linatoka nje. Kumbuka ukiwa mita 1 uko na sentimita 3, na kutoka ncha ya pua hadi sikio ni zaidi ya 10. Ndo maana mimi kwa uso wa mtu mmoja mara nyingi huanza na f/2.8.

Hatua ya 7: watu wakiwa wengi

Wawili, wapange mabega yalingane ili nyuso zote ziwe umbali mmoja kutoka kwa lenzi, hapo hata f/2.8 inakubali. Wakiwa mistari miwili, rudi nyuma, nenda f/8, fokasi mstari wa mbele. Ile 50mm kwa mita 4 na f/8 inakupa karibu mita 2 za slesi, na akina mama wote wangeonekana. Waambie pia wa nyuma wasonge wawaguse wa mbele mabega, inasaidia hesabu na inaleta upendo.

Uko na simu tu? Ile modi ya potreti haina tundu kubwa, ni programu inakisia mtu anaishia wapi na kupaka ukungu, na ikifika kwa afro, rasta ama fremu ya miwani inakata kama mkasi butu. Rudi nyuma utumie zumu ya 2x, muweke mtu mbali na ukuta, na ushushe ule ukungu hadi nusu. Fremu ni zile zile tu, hazijui simu.

Mfano: fundi wa viatu Ngara

Juzi nilikuwa Ngara nikaona fundi ameketi chini ya mwavuli, jua la saa tisa linapiga turubai la bluu kando na kumrudishia mwangaza laini usoni. Nikamwendea bila kamera kwa jicho. "Mzee, habari ya kazi. Naomba nikupige picha moja, nitakutumia WhatsApp." Akaniangalia viatu kwanza, sio uso. "Piga, lakini hiyo soli yako imeachia, utanipatia kazi." Haki.

Nikachuchumaa hadi macho yetu yakalingana, mita moja na nusu, 50mm, f/1.8, pointi kwa jicho la kushoto. Nyuma yake barabara, magari yako mbali mita ishirini, ikayeyuka yote. Nikasonga nusu hatua juu kijiti cha mwavuli kilikuwa kinatoka kwa sikio lake. Nikapiga, nikazumu kwa skrini hadi nikaona kope, safi. Nikamwonyesha nikiwa na kiburi kidogo.

Akaangalia kwa muda. "Mbona kiatu kimepotea?"

Alikuwa ameshika kiatu mbele yake, sentimita kama 30 kutoka kwa uso, na slesi yangu hapo ilikuwa 6. Kazi yake yote ya asubuhi ilikuwa doa la kahawia. Nikarudi hadi mita mbili na nusu, f/5.6, hapo niko na zaidi ya nusu mita, nikamwomba akivute kiatu karibu na kifua, nikafokasi jicho tena. Magari bado ni ukungu, si mzito kama ule wa kwanza. Sindano inaonekana, uzi unaonekana, vidole vyenye gundi vinaonekana. Hiyo ndo aliniambia nimtumie, na akaiweka kwa profaili kabla hata sijavaa kiatu changu. Soli alinilipisha bei ya kawaida.